Beji Nne na Chupa ya Zebaki

“Mama Roza, hivi zile beji za marehemu ni dhahabu kweli, au ni rangi tu?”

Verediana, jirani yangu, aliniuliza hivyo tukiwa mtoni tunafua, mwaka ule wa sabini na sita, masika yakielekea kuisha. Hakuwa na nia mbaya. Verediana ni Mbena wa Njombe aliyeolewa huku kwetu Mbeya, na neno halikai kwake. Likimwingia sikioni asubuhi, jioni limeshafika kwa balozi wa nyumba kumi. Nilimjibu kwamba sijui. Na kweli sikujua. Lakini swali lile nililikamua pamoja na shuka zangu, nikarudi nalo nyumbani.

Nasema nyumbani, ila wakati ule nilikuwa nalala jikoni.

Mume wangu Asukile alifanya kazi kiwanda cha chai kule Mufindi, mkoa wa Iringa, kwenye mashine za kukaushia majani. Aliingia kijana hajaoa, akatoka mtu mzima anayekohoa. Kila baada ya miaka mitano kampuni ilimwita mbele ya wenzake, na meneja akamchomeka beji kifuani, jani la chai linalong'aa kama jua la asubuhi. Alipata nne. Ya mwisho, ya miaka ishirini, ilikuwa kubwa kuliko zote, na nyuma yake walichonga jina lake. Kila Jumapili aliyokuwa likizo alizivaa kanisani kwenye koti lake jeusi, akizifuta kwa mkono wa koti kabla ya kuingia mlangoni. Aliniambia, “Atuganile, hii ni dhahabu ya watu wakubwa. Mimi nikitangulia, wewe hutalala njaa.”

Akatangulia. Tukamzika kwenye migomba yake mwenyewe, chini ya nyumba aliyoijenga kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe.

Siku ya kuondoa matanga, mdogo wake Isakwisa alivishwa lile koti jeusi, kama ilivyo desturi kwetu. Anayevaa koti la marehemu ndiye anayeshika mji wake, na zamani alishika na mke. Isakwisa alikuwa na wake wawili tayari. Alisimama mbele ya wazee wa ukoo na koti la mume wangu mwilini, mikono imempita vidole, akasema yuko tayari kunitunza. Nikasimama nami. Nikasema nawashukuru wazee, ila mimi nilifunga ndoa kanisani na mtu mmoja, naye yuko pale kwenye migomba. Mtunzaji wangu yuko juu.

Wazee walitazama chini. Isakwisa alicheka.

“Basi shemeji, mtunzaji wako wa juu akujengee na nyumba.”

Akatamka palepale kwamba nyumba na migomba ni mali ya ukoo, na ukoo ni yeye. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kile kikopo cha tumbaku alichohifadhia marehemu beji zake, akanitupia miguuni. Kikafunguka. Beji zikamwagika kwenye majivu ya moto wa matanga.

“Okota vyuma vyako,” alisema. “Wazee mmeona. Huo ndio urithi wa mwanamke asiyetaka mume. Kesho asije akasema hakupewa kitu.”

Nikapiga magoti nikaziokota moja moja, watu wote wakinitazama. Hakuna aliyeinama kunisaidia. Yule mke wake mdogo akahamia nyumbani kwangu juma lilelile, nami nikapewa jiko la nyuma. Hata hayo ningeyavumilia, kwa sababu nyumba ni matofali tu. Lakini Isakwisa alikuwa na ndama mkorofi, na asubuhi moja nilimkuta amefungwa kwenye msalaba wa Asukile. Ndama amezunguka na kamba, amekanyaga kaburi lote, amelinyea. Nilimfungua. Kesho yake nikamkuta amefungwa tena palepale.

Nilikwenda kwa mchungaji. Akaniambia kisasi si kazi yetu, tumwachie Mungu. Nikamwitikia amina. Usiku nilisali nikamwambia Mungu kwamba kazi ni yake, sikatai, ila kama atahitaji mtu wa kumshikia vyombo, mimi nipo.

Sasa rudi kwenye swali la Verediana.

Binti yangu Roza ameolewa Iringa mjini, na mwezi ule alikuwa anakaribia kujifungua. Nikapanda basi kwenda kumwangalia, kikopo nimekifunga kiunoni ndani ya kanga. Mtoto alipozaliwa salama, nikamwachia Roza uji, nikashuka mtaa wa maduka. Palikuwa na sonara mmoja, mzee wa Kihindi, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Nikamwagia beji zangu kwenye kitambaa chake.

Hakuziangalia sana. Alichukua jiwe jeusi lililolainika kama kiganja, akasugua ukingo wa beji kubwa mpaka ukabaki mstari wa manjano. Halafu akachovya kijiti kwenye tindikali, akagusa ule mstari. Ukachemka kidogo, ukapotea. Jiwe likabaki jeusi kama mwanzo.

“Mama,” alisema, “umeona?”

“Nimeona imekwenda.”

“Dhahabu haiendi. Hii ni shaba. Juu wamepaka dhahabu, lakini wamepaka kama maskini anavyopaka siagi. Huyu aliyepewa alifanya kazi miaka mingapi?”

“Ishirini na zaidi.”

Akatikisa kichwa. “Mimi nikinunua, nitanunua kwa bei ya kitasa kibovu. Usiuze. Peleka nyumbani. Na usisugue na majivu, itatoka yote.”

Nilimshukuru. Akazifuta kwa kitambaa laini bila kunidai kitu, zikawaka kuliko siku zile za Asukile. Nikatoka nikakaa kwenye ngazi za duka. Sikulia. Nilikuwa namuona mume wangu akizifuta kwa mkono wa koti mlangoni mwa kanisa. Nilikuwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo, na kwa haki nusu yake ilikuwa ya meneja yule aliyemchomeka kifuani rangi ya siagi. Lakini meneja amekwisha kwenda kwao Ulaya. Isakwisa yuko karibu.

Nikiwa kwenye ngazi zile nikakumbuka jambo moja juu ya Isakwisa. Ujana wake wote aliutumia Chunya akitafuta dhahabu kwenye mchanga wa mito. Hakupata kitu zaidi ya homa, lakini alirudi na sifa. Katika kijiji chetu chote, mtu akiokota jiwe linalong'aa, analipeleka kwa Isakwisa. Na Isakwisa hajui kusema hajui.

Nikarudi Mbeya. Verediana alinipokea stendi, kunibebea mzigo na kuchukua habari.

“Roza hajambo?”

“Hajambo. Mtoto wa kiume.”

“Tunashukuru. Na huko mjini ulitembea tembea?”

“Nilipita kwa sonara,” nilisema.

Akasimama na kikapu changu kichwani. “Kwa sonara. Halafu?”

“Halafu akanambia nisiuze.”

“Eee, mama Roza.”

“Ndivyo alivyosema. Nipeleke nyumbani, nisiuze. Tena nisizisugue na majivu.”

Sikuongeza neno, na sikupunguza. Kila nililomwambia lilitoka kinywani mwa yule mzee. Tulipofika kijijini Verediana alisema ana haraka, ameacha maharage motoni, akapita njia ya kwa balozi, ambayo si njia ya kwake.

Baada ya hapo nikaanza kuishi kama mtu mwenye mali. Nilinunua kufuli, nikafunga jiko. Kikopo sikukiacha ndani. Nilikwenda nacho shambani, mtoni, na kanisani. Nikipiga magoti kusali kilikuwa kinagonga sakafu, watu wakageuka. Mke mdogo wa Isakwisa alianza kunisalimia. Yule ndama akahamishwa kaburini bila mimi kusema.

Halafu akaja mwenyewe. Akakaa kwenye kinu changu kilicholala mlangoni, kofia mkononi, amevaa lile koti.

“Ndaga, shemeji. Habari za siku nyingi?”

“Tunaonana kila siku, shemeji.”

“Kuonana si kuongea. Nimekuja kama ndugu. Siku ile ya matanga tuliongea kwa uchungu. Uchungu wa msiba unajua ulivyo.”

“Najua.”

“Nasikia ulikwenda kwa Mhindi wa Iringa.” Akacheka kidogo. “Wahindi hawa wajanja. Anaweza kukwambia hivi, kumbe hivi. Heri ungeniuliza mimi wa nyumbani. Hebu nizione.”

Nilimpa ile kubwa, nyingine nikabaki nazo. Aliipima kiganjani, akaing'ata, akaigeuza kwenye jua. Jina la kaka yake lilikuwa pale nyuma limechongwa, alilipitisha jicho kama mtu anayepita mbele ya mlango wa jirani. Kisha akatoa mfukoni kichupa cha dawa, kizibo kimefungwa kwa nta. Ndani yake palikuwa na kitu kama maji ya fedha, kinazunguka chenyewe.

“Unaijua hii? Zebaki. Nimekaa nayo toka Chunya. Kule ukikusanya mchanga wako unautia zebaki, nayo inakwenda yenyewe kuikumbatia dhahabu. Mchanga inauacha, jiwe inaliacha. Inataka dhahabu tu. Mtu utamdanganya, Mhindi atakudanganya, lakini zebaki haidanganywi.”

Akadondosha tone moja juu ya jani la chai, akalisugua kwa kidole. Jani lote likageuka jeupe kama tumbo la samaki. Zebaki ilikuwa imeshika.

Nilimtazama usoni. Sijui watu huko mjini wanaita nini ile sura, lakini niliwahi kuiona kwa mbwa anayesikia nyama ikikatwa. Alikuwa sahihi kwamba zebaki inafuata dhahabu. Hakuna siku hata moja huko Chunya alipokuta mchanga uliopakwa dhahabu juu juu na binadamu. Zebaki ilikuwa imekumbatia siagi, na yeye akahesabu mkate.

Akaifuta beji polepole, akapunguza sauti.

“Ina kidogo,” alisema. “Si nyingi. Lakini kwa sababu ni kumbukumbu ya kaka yangu, nisingependa ziende kwa watu. Unataka nini, shemeji?”

“Nataka nyumba yangu. Na migomba yote mpaka mtoni, na kaburi ndani yake.”

“Kwa vyuma vinne?”

“Basi niachie vyuma vyangu.” Nikanyoosha mkono.

Hakuiweka mkononi mwangu. Alifunga vidole, akafungua, akafunga tena. Nilisikia kuku wa Verediana wakipekua nyuma ya jiko. Mwishoni akairudisha, akasema atafikiri. Hakufikiri sana, kwa maana kesho yake asubuhi alikuja na Kalinga, balozi wetu wa nyumba kumi, pamoja na wale wazee wa ukoo waliotazama chini siku ya matanga.

Balozi Kalinga ni mtu mzito, haongei bila kukohoa kwanza. Alitukalisha uwanjani, akaeleza kwamba Isakwisa anataka kurudisha nyumba na migomba kwa mjane wa kaka yake, naye mjane atatoa beji nne. Akakohoa.

“Mama Roza, nikuulize mbele ya wazee. Hizi beji ni dhahabu?”

Nilikuwa nimesali juma zima kuhusu swali hilo hasa, kwa sababu uongo sitasema, hata kwa Isakwisa.

“Balozi, mimi nimeishia darasa la nne,” nilisema. “Dhahabu sijawahi kuichimba. Hapa kuna mtu wa Chunya. Muulizeni yeye, na mimi nitakubali atakalosema.”

Kalinga akamgeukia. “Isakwisa?”

Sasa Isakwisa alikuwa amebanwa na sifa zake. Kama angesema ni shaba, wazee wangemuuliza kwa nini anatoa nyumba kwa shaba. Na tangu lini akakubali mbele ya watu kwamba kuna dhahabu inayomshinda? Akavuta kola ya koti.

“Ni dhahabu,” alisema. “Nimezipima mwenyewe. Sitaki mtu aje kesho aseme nimempunja mjane au nimemwonea. Nimesema mbele yenu.”

“Umesema wewe,” alisema Kalinga.

“Nimesema mimi.”

Kwetu mpaka haufungwi kwa maneno. Yule anayeitoa ardhi ndiye anayepanda miti ya mpaka kwa mkono wake, na akishaipanda, kuing'oa ni kama kumng'oa maiti. Isakwisa alipanda. Nilitembea nyuma yake toka barabarani mpaka mtoni nikimwangalia akichimba na kukandamiza udongo kwa kisigino, jasho linamtoka, haraka kama mtu anayeogopa duka litafungwa. Tulipofika penye kaburi alitaka kupitisha mpaka upande wake wa juu, kaburi libaki kwake.

“Chini yake, shemeji,” nilisema. “Chini kabisa.”

Akapanda chini. Nikampa kikopo.

Aliyoyafanya baadaye niliyapata kwa Verediana, ambaye ua wake unapakana na wa Isakwisa. Aliwasha mkaa, akaweka mvukuto, akamfukuza kila mtu isipokuwa mke wake mdogo, ili apulize. Alianza na ile kubwa, aiyeyushe apate donge la kupeleka mjini. Nyingine tatu akaziweka pembeni mwa moto zipate joto. Zebaki ikatoka moshi, na ile ngozi ya dhahabu ikamezwa na shaba. Chini kukabaki kitu chekundu-cheusi kinachotokota kama ugali ulioungua. Akamwamuru mke apulize zaidi, akidhani ni uchafu unatoka. Mke akapuliza mpaka akasema, “Mume wangu, hii si shaba ya sufuria?”

Alikwenda kwa Kalinga mbio, donge mkononi ndani ya kitambaa. Akataka miti ing'olewe, akasema ameibiwa na mwanamke mwenye rozari ya uongo, ingawa sisi si watu wa rozari. Kalinga akakohoa.

“Nani alisema ni dhahabu?”

“Yeye alikwenda kwa Mhindi.”

“Nauliza, nani alisema ni dhahabu? Nilikuuliza mbele ya wazee. Mama Roza alisema hajui. Nani alisema anajua?”

Wazee waliokuwa pale walianza kucheka, na kicheko kikatoka nje kikatembea kijiji kizima. Mpaka kwenye kilabu cha pombe wakawa wakiletewa pesa mbovu wanasema, ipeleke kwa zebaki. Watoto wakiokota kizibo cha soda wanamkimbilia Isakwisa njiani: baba, tupimie. Mke wake mdogo aliporudi kwao kumsalimia mama yake, hakurudi tena.

Kuna watu waliotazamia kwamba nitamwonea huruma. Mchungaji mwenyewe alipita kuniuliza kama moyo wangu una amani. Nilimkaribisha nyumbani kwangu, kwenye kiti cha Asukile, nikamkaangia mayai. Nikamwambia una amani.

Isakwisa alikuja mara moja tu, hakuvuka mpaka. Alisimama kwenye miti aliyoipanda mwenyewe, akarusha kitu kwenye migomba yangu, akaondoka. Nilikwenda kuokota. Beji tatu zilikuwa nyeusi, jani halionekani vizuri. Ya nne lilikuwa donge. Nililigeuza huku na huku nikitafuta jina la mume wangu. Halikuwepo. Mahali pengine pekee palipoandikwa jina la Asukile ni kwenye msalaba wake wa mti, na mti unaliwa na mchwa.

Nilikaa nalo kaburini mpaka umande ukaniloweka. Nilijua toka mwanzo kwamba anayenunua atayeyusha, mtu wa Chunya hana anachokijua kingine. Nilijua, nikampa. Nikamweleza Asukile hivyo, kwamba amelala peke yake sasa, hakuna ndama, hakuna mtu, na kwamba jina lake ndiyo bei niliyolipa. Kisha nikalizika donge kichwani pake.

Zile tatu nyeusi nilizibakiza.

Jumapili iliyofuata nilivaa gauni langu jeupe la umoja wa akina mama, nikafunga kitambaa, nikazichomeka kifuani zote tatu kwa mstari, palepale upande wa moyo. Nilichelewa makusudi. Kanisa limejaa, wimbo wa kwanza umekwisha, watu wamekaa. Isakwisa alikuwa upande wa wanaume, benchi la tatu kutoka mlangoni, amevaa lile koti jeusi la mume wangu, kwa sababu hilo hakuna aliyemdai.

Nilipita katikati polepole. Verediana aliniona kwanza, akaziba mdomo kwa kanga. Kisha benchi la kwanza wakaona, kisha la pili. Hakuna aliyecheka, tulikuwa nyumbani mwa Bwana. Ila niliwasikia wakivuta pumzi mmoja mmoja, kama upepo unaopita kwenye mahindi. Nilipofika usawa wa benchi la tatu nikasimama. Nikazifuta beji zangu kwa mkono wa gauni, moja, nyingine, na nyingine, taratibu, kama Asukile alivyokuwa akifanya mlangoni. Nikamtazama.

“Bwana asifiwe, shemeji,” nilisema.

Ilimpasa kuitikia. Watu wote walikuwa wakingoja aitikie. Akainuka, akavua lile koti, bega moja kisha la pili, akaliweka juu ya benchi. Akapita mbele yangu na shati lake lililotoboka kiwiko, akatoka nje.